Malkia wa Uru, mbuzi wake wa kuchongwa na sungura wa pembeni

Mama mdogo wangu anauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi na hajawahi kushika karata maishani mwake, kwake karata ni karata tu, iwe ya kamari iwe ya nini, shetani ni yuleyule. Ila siku hiyo nilikuwa nimemwaga taroti zangu, zile karata za kutabiria, mezani kwake natafuta moja iliyopotea, akapita na sufuria ya maziwa, akasimama, akaokota moja kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mende, akaiangalia weee, halafu akasema, "Huyu mama hela anazo, ila kuna mwizi shambani kwake na hajamwona."

Mwizi mwenyewe ni sungura. Yuko chini kabisa kwenye kona ya kulia ya picha, kadogo, watu wengi hata hawamwoni mpaka uwaonyeshe kwa kidole.

Sasa mimi hiyo kadi nimekaa nayo miaka, na kila ukiingia intaneti unakuta maneno yaleyale, sungura ni uzazi, sungura ni rutuba, neema, biashara itakua. Mama mdogo kwa sekunde tano kasema kinyume kabisa. Nikamwambia hapana mama, sungura hapo ni baraka. Akanijibu, "Baraka gani mwanangu? We sungura humjui?" Nikakosa la kusema, na hilo ndo limenikalisha niandike haya yote, kwa sababu swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Mnyama akichorwa kwenye kadi, maana yake inatoka wapi? Kwa aliyemchora, kwenye kitabu, au kwenye macho ya anayeangalia?

Kwanza niwaweke sawa wale ambao taroti wanaionaga kwenye muvi tu. Ni karata 78. Zilianzia kaskazini mwa Italia karne ya 15 kama mchezo wa kawaida wa mezani, watu wanacheza, wanashindana, hakuna ramli wala nini. Mambo ya kutabiria yalishika kasi Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1700, baada ya bwana mmoja Antoine Court de Gébelin kuandika mwaka 1781 kwamba karata hizi ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri, ushahidi hakuwa nao hata wa kulambia lakini stori ikaenda hivyohivyo mpaka leo utaikuta. Kati ya hizo 78, kuna 22 kubwa zenye majina, Kifo, Ibilisi, Jua na wenzake, halafu 56 zilizobaki ni kama karata za kawaida, makundi manne, na kila kundi lina watu wanne wa ikulu: ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme. Jumla watu 16. Hawa 16 ndo wanaotesa kila anayejifunza, maana kadi nyingine zina tukio unaloliona kwa macho, mtu kaanguka, mtu kalala, mtu kabeba mzigo, ila hawa wa ikulu wengi wamekaa tu au wamesimama wanaangalia. Kwa hiyo macho yanakimbilia kwa wanyama, na hapo ndo watu wanapoanza kupotea.

Halafu kuna kitu kitamu ambacho Mswahili anakijua bila kujua kama anakijua. Makundi ya taroti ni vikombe, sarafu, panga na fimbo. Waulize wazee wa pwani wanaocheza karata wanazitajaje za kwao: kopa, uru, shupaza, pau. Hayo majina ni ya Wareno, kopa kwao ni kikombe, uru limetoka kwenye neno lao la dhahabu, shupaza ni panga, pau ni fimbo. Yaani karata tunazocheza sisi zina alama za Kifaransa, moyo na almasi, lakini mdomoni bado tunataja vikombe na dhahabu, vilevile vilivyopo kwenye taroti, na hata neno karata lenyewe tumelitoa kwa haohao. Kwa hiyo kadi aliyoiokota mama mdogo, ambayo wengi wanaiita Malkia wa Sarafu, kwa Kiswahili cha karata ni Malkia wa Uru.

Na kwa mtu wa Moshi jina hilo ni kesi nyingine, kwa sababu Uru ni hapo juu tu ya mji, unapanda gari mara umefika. Nilipomtajia mama mdogo akasema nilijua tu, wanawake wa Uru na hela. Yeye kaolewa Kibosho. Utani wa milimani huo, msiuchukulie kwa uzito, mi sitaki ugomvi na mtu.

Haya tuiangalie kadi yenyewe. Naongelea ile ya seti inayojulikana kuliko zote, iliyotoka London mwaka 1909 kwa mchapishaji William Rider, mchoraji Pamela Colman Smith, mwenye maelekezo Arthur Edward Waite. Mwanamke kakaa kwenye kiti cha enzi nje, kwenye bustani, juu yake maua yametambaa kama kile kibanda cha mpasheni, nyuma kuna milima, anga ya njano. Kashika sarafu kubwa mapajani kwa mikono miwili, kainamisha kichwa kidogo anaiangalia. Kiti kimechongwa matunda, kimechongwa na kitoto, na mwisho wa mkono wa kiti, pale unapowekaga kiganja, kuna kichwa cha mbuzi. Halafu sungura kwenye kona. Yeye hajachongwa, yuko hai, yuko kwenye majani na mambo yake.

Mtu wa hapa akiitupia jicho anaona kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani kwa Mchaga. Kivuli cha majani, mifugo nyumbani, mlima kwa nyuma, na mama katikati na mahesabu yake. Nadhani ndo maana mama mdogo hakuogopa kuisoma, aliona sehemu anayoijua.

Sasa fundo lenyewe. Mimi naona wanyama wa kadi za ikulu wako wa aina mbili, na mkanganyiko karibu wote unatokea kwa sababu watu wanawasoma wote kwa njia moja.

Wa kwanza ni wanyama wa mfumo. Waite na Pamela wote walipitia chama kimoja cha siri cha London kilichoitwa Golden Dawn, na wale watu walikuwa wamepanga kila kitu kwenye mafungu, fimbo ni moto, vikombe ni maji, panga ni hewa, sarafu ni udongo. Kwa hiyo mnyama anafuata fungu. Watu wa fimbo wana salamanda kwenye nguo, kwa sababu Ulaya zamani waliamini salamanda anaishi ndani ya moto, utamkuta kwa ghulamu, kwa mpanda farasi, kwa mfalme, tena mfalme ana mmoja hai kabisa pembeni ya kiti. Watu wa vikombe wana samaki. Watu wa panga wana ndege na vipepeo, malkia wao vipepeo viko mpaka kwenye taji. Na watu wa uru, udongo, malkia ana mbuzi na mfalme ana vichwa vya ng'ombe dume kwenye kiti.

Hao wanyama ni jezi. Mtu akivaa jezi ya Simba hujui kama ni jasiri au mwoga, unajua tu timu yake. Sasa mtu anakaa anaangalia mfalme wa fimbo, anaona kitu kama mjusi (maana huku kusini mwa Sahara salamanda wa asili hatuna, kwa hiyo wote tunaona mjusi), anaanza kukumbuka kwao mjusi akiingia ndani ya nyumba ilikuwa na maana gani, bibi alisemaje, anajenga utabiri mzima juu ya mjusi. Huyo kapotea. Pale mjusi anasema kitu kimoja tu, huyu ni wa kundi la moto, basi, endelea na safari.

Mbuzi wa malkia wetu ndo hivyohivyo. Kuna nyota tatu za udongo, Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi, na majina hayo waliokuwa wanafuatilia nyota za marehemu Sheikh Yahya Hussein hawahitaji kufundishwa. Kwenye hesabu za Golden Dawn malkia wa uru kapewa sehemu kubwa ya nyota ya Mbuzi na kipande cha mwisho cha Mshale, kwa kalenda ni kama katikati ya Desemba mpaka siku kumi za mwanzo za Januari hivi. Mbuzi kakaa pale kwa sababu hiyo. Ndo maana mbuzi huyohuyo mwenye pembe unamkuta pia kwenye kadi ya Ibilisi, nayo wameipa nyota ya Mbuzi, na watu wakiona hivyo wanaruka kusema basi malkia ana mambo ya kishetani, hapana jamani, ni nyota moja imetumika mara mbili.

Na sisi huku mbuzi tunaye na maana zetu. Kuna mbuzi wa ndafu, kachomwa mzima, anaingia ukumbini kasimamishwa na majani mdomoni, harusi ya Mchaga bila huyo watu watasema mwaka mzima. Kuna mbuzi wa kuchinja nyumbani ambaye kila kipande cha nyama kina mwenyewe, ukikosea mgao umeanzisha ugomvi wa ukoo. Halafu kuna mbuzi wa Mathayo 25, wale wa mkono wa kushoto, na huu mji una makanisa, kwa hiyo hao nao hawakosi kutajwa. Utaona wenyewe, wa ndafu anasema heshima na utajiri, wa Mathayo anasema hukumu. Utachagua yupi? Ukisoma kwa hisia utachagua kulingana na siku yako ilivyokwenda. Mimi nasema wote wawili wakae benchi, acha jezi isomwe kama jezi, mbuzi hapo ni udongo, ni mtu anayepanda mlima taratibu hatua kwa hatua, na ikitokea ndafu imekubaliana na hilo vizuri, umepata kiungo cha mboga, mboga yenyewe ilikuwa tayari.

Mama mdogo alipoambiwa kwamba kile ni kichwa cha mbuzi na mama kakalia akauliza, "Kwa hiyo anakuna nazi?" Nilicheka mpaka machozi. Kwa wasiojua, kile kigoda cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi. Haikuwa kwenye mafunzo yangu hiyo.

Sasa aina ya pili ndo yenye kazi. Hawa nawaita wanyama wa pembeni, na kwenye ikulu nzima wanaonekana wazi wawili: sungura wa malkia wa uru na paka mweusi wa malkia wa fimbo. Hawajirudii kwenye kundi lao. Hakuna ghulamu wa uru mwenye sungura, wala mfalme wa fimbo mwenye paka. Hawako kwenye kiti, hawako kwenye nguo, wamekuja tu.

Na Waite hakuwaeleza. Alitoa kitabu cha maelezo ya karata hizi, akaeleza kadi moja moja, na kwa malkia wa uru anasema ni mtu mwenye roho kubwa, ana akili iliyotulia, anaiangalia alama yake na huenda anaona dunia nzima ndani yake. Maana akaziweka: ukwasi, ukarimu, fahari, usalama, uhuru. Kadi ikitoka kichwa chini: uovu, shaka, hofu, kutoaminiana. Sungura hayumo. Paka wa yule mwingine naye hayumo. Na usidhani jamaa alikuwa haoni wanyama, kwa mfalme wa uru kataja kabisa kichwa cha ng'ombe dume, na kwa ghulamu wa vikombe, yule ambaye samaki kachomoza kwenye kikombe anamwangalia, kasema hizo ni picha za akilini zinazochukua umbo. Kwa hiyo wanyama alikuwa anawataja akitaka. Kwa sungura kanyamaza.

Sasa ile "sungura ni uzazi" imetoka wapi? Imetoka kwa wasomaji waliokuja baadaye wakichota kwenye mambo ya Ulaya, ambako sungura ni mnyama wa majira ya kuchipua, ndo huyo anayeleta mayai ya Pasaka, na kweli kwa kuzaa hana mpinzani, jike anabeba mimba kama mwezi mmoja tu na akizaa leo anaweza kushika nyingine siku chache baadaye, aliyewahi kufuga atakwambia ulianza na wawili ukaishia kutafuta watu wa kuwagawia. Malkia wa bustani, maua, matunda, kitoto kwenye kiti, weka na sungura, inakaa vizuri. Mi sikatai. Nasema tu kwamba ni makisio mazuri ya watu, siyo tangazo la mwenye mchoro, na watu wanalinukuu kama amri.

Na hapa nikiri dhambi yangu. Huyu Pamela alizaliwa London mwaka 1878, lakini sehemu ya utoto wake ilikuwa Jamaika, na akarudi na hadithi za Anansi, akawa anazisimulia kwa watu kwa lafudhi ya kule, mwaka 1899 akatoa na kitabu chake cha hadithi hizo. Anansi ni yule buibui wa Afrika Magharibi aliyevuka bahari na watumwa, na ukimsikiliza vizuri ni ndugu wa damu wa Sungura wetu, mdogo, mjanja, mlafi, anamshinda mkubwa kwa maneno. Nilipoliona hilo nikaruka kitandani aisee. Nikasema nimempata! Mchoraji kalelewa na mjanja wa Kiafrika, kamficha kwenye kona, Waite hakujua, ndo maana kanyamaza! Nikaandika na ukurasa mzima usiku huo.

Asubuhi nikaufuta. Kwa sababu hakuna mahali Pamela kasema hivyo. Kilichopo kutoka kwake kuhusu kazi ile ni barua aliyomwandikia Alfred Stieglitz, mpiga picha wa New York, mwaka huohuo wa 1909, akisema kamaliza kazi kubwa kwa hela kidogo sana, sentensi ambayo fundi yeyote wa Moshi ameshaisema. Kuhusu sungura hamna kitu. Na tena Anansi ni buibui, angetaka kumweka angechora buibui. Hadithi yangu ilikuwa tamu, na utamu wake ndo ulionitia wasiwasi.

Kwa hiyo tumebaki na mnyama ambaye mfumo haumjui, kitabu hakimtaji, na mchoraji hakusema. Watu wawili watatu wakifika hapa huwa wanasema basi kila mtu aone anavyoona. Hapana, bado kuna kitu hakijaisha kusomwa, picha yenyewe.

Angalia tofauti ya kuchongwa na kuwa hai. Mbuzi ni sehemu ya kiti alichokalia malkia, akiamka kesho atamkuta palepale. Hiyo ni tabia, ni urithi, ni kitu kinachombeba. Sungura kaja na miguu yake na ataondoka kwa miguu yake. Huyo ni jambo la sasa hivi, la msimu. Kwa yule mfalme wa fimbo inaonekana vizuri zaidi, salamanda wapo kwenye kiti, wapo kwenye joho, halafu mmoja yuko chini pembeni, hai, ni kama kile kilichokuwa pambo kimeshuka kikaanza kutembea. Mimi nikimwona huyo nasoma kwamba maneno yamekuwa vitendo.

Halafu angalia macho. Ghulamu wa vikombe na samaki wake wanatazamana, yaani ujumbe umefika. Paka mweusi wa malkia wa fimbo katugeukia sisi, anatutazama sisi tunaoisoma kadi, na malkia wake naye wala hamtazami. Sungura wa uru hatazamwi na mtu. Malkia macho yote kwenye sarafu. Kitu kidogo, hai, kiko karibu na miguu yake, na yeye yuko kwenye hela. Hilo siyo la Ulaya wala la Kilimanjaro, liko pale kwenye karatasi, yeyote mwenye macho atalithibitisha, na kwangu mimi usomaji wowote wa huyu sungura lazima uanzie hapo.

(Farasi wa wale wapanda farasi wanne nawaacha haraka, wale ni mwendo tu, angalia miguu. Wa shupaza anaruka kama boda iliyochelewesha abiria wa ndege. Wa uru kasimama miguu yote minne chini, ni boda ya kijiweni, kazima injini anasubiri. Farasi Moshi tunawaona kwa nadra lakini boda tunazielewa.)

Sasa mrudie mama mdogo na mwizi wake. Sungura anayemjua yeye ni wa hadithi, hasa ile ya kisima, ambayo nadhani kila mtu huku kailala nayo utotoni: kiangazi kikali, wanyama wakakubaliana kuchimba kisima, wote wakachimba kasoro Sungura, akasema yeye umande unamtosha. Maji yalipotoka usiku akawa anakuja kunywa, na akimaliza anaoga humohumo. Kwa mtoto wa mlimani hiyo hadithi haikuwa ya porini, ilikuwa ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Maji ya mfongo yanashuka kutoka juu yanapita kihamba hadi kihamba, kuna zamu, kuna siku ya kuzibua na kusafisha, na asiyekuja siku ya kazi halafu akafungua maji usiku, watu wanajua wamwiteje. Mama mdogo kakulia kwenye hiyo. Kwa hiyo alipoona bustani yenye rutuba, mwenye mali anahesabu, na sungura kapenyeza kwenye kona, yeye hakukisia. Alikumbuka.

Je kasoma vibaya? Mimi nasema kasoma vizuri kuliko intaneti, kwa sababu alianza na kile kinachoonekana, mama hamwoni sungura, halafu ndo akaleta sungura wake kutoka nyumbani. Na ona hili: maana za kichwa chini za Waite ni shaka, hofu, kutoaminiana. Bila kujua alikuwa anaongelea upande wa pili wa kadi ileile.

Ila hapo pia pana hatari na nitaisema wazi. Wewe unayesomea watu kadi, usije ukamwambia mtu "una mwizi nyumbani." Unajua kitakachofuata, atarudi ataanza kumkagua dada wa kazi, atamkumbuka shemeji, na huku kwetu neno la namna hiyo halirudi mdomoni. Paka mweusi ndo mbaya zaidi. Nimewahi kuiweka ile kadi mbele ya mtu mmoja wa Majengo, alisogeza kiti nyuma kabisa, hakutaka hata mkono wangu umguse, na maskini Uingereza paka mweusi akikukatia njia wengi wanahesabu ni bahati njema. Nikaanza kumweleza habari za Waingereza. Wapi. Mtu akishashika hofu humtoi kwa kumwelezea Waingereza, nikakusanya karata tukanywa chai.

Kwa hiyo mimi siku hizi nafanya hivi, namwonyesha mtu picha, namwambia mbuzi ni wa nini kwa sababu mbuzi ana jibu, halafu nikifika kwa sungura nanyamaza kama Waite, namuuliza yeye. Majibu yanakuwa ya ajabu. Rafiki yangu anauza mitumba pale Memorial, kadi ikamtokea, nikamweleza malkia, sarafu, kiti, akawa anatingisha kichwa tu, ndiyo, ndiyo, mahesabu ya kikoba hayo, marejesho Ijumaa. Nikamwonyesha sungura. Akakaa kimya kidogo halafu akasema huyo si sungura, huyo ni mwanangu wa mwisho. Anakaa chini ya meza ya nguo mchana kutwa anacheza na hanga, ananiita mama, mama, mama, nasikia lakini nahesabu.

Hakuna kitabu chenye hiyo. Lakini rudi kwenye picha uangalie, imekaa bila kulazimishwa, kiumbe kidogo kilicho hai, miguuni, na macho yako kwenye sarafu. Uzazi wa intaneti upo humo, mtoto si ndo uzazi. Mwizi wa mama mdogo naye yupo kwa mbali, maana kuna kitu kinaibwa pale, ila safari hii aliyeibiwa siyo malkia.

Nilimpelekea mama mdogo hiyo stori wiki iliyofuata. Akasikiliza mpaka mwisho akasema huyo mama amnunulie mtoto kiti, sakafu ya soko ina baridi. Kisha akaniuliza kama ile karata niliyokuwa natafuta siku ile niliipata. Nikamwambia niliipata, ilikuwa chini ya kochi lake. Akataka kuiona. Nikasema nimeiacha nyumbani. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, malkia wa fimbo, na paka wake katazama mbele.